Bastola inapokwama: mfanyabiashara anapobeba silaha asiyoijua

Wafanyabiashara wengi wanaovuka mipaka wamewahi kuwaza kununua bastola. Mnunuzi wa mahindi anayeamka saa kumi usiku kuwahi mnadani, mwenye duka la jumla anayefunga hesabu giza likiwa limeingia, mfanyabiashara wa ng'ombe anayelipwa fedha taslimu porini, wote wanajua uzito wa noti mfukoni. Baadhi yao huomba leseni, huhojiwa na polisi, hununua bastola, na kuifungia kwenye sefu au kuiweka kiunoni. Kuanzia siku hiyo hujiona wana ulinzi.

Shida huanzia hapo. Bastola nyingi zinazouzwa leo kwa raia wenye leseni ni zile zinazojipakia zenyewe. Kila risasi inapotoka, nguvu yake hutumika kutoa ganda na kuingiza risasi inayofuata. Ni mashine ndogo yenye springi, pini na vyuma vinavyosuguana, na kama ilivyo kwa mashine yoyote, huchakaa, hushika kutu na hukwama. Lori likizimika Malaba, dereva hushuka akafungua boneti. Bastola ikikwama mbele ya mwizi, nafasi ya kufungua boneti haipo. Ikikwama nyumbani ikiwa mikononi mwa mtu asiyeijua, anayeumia mara nyingi ni mwenye nyumba, mkewe au mtoto.

Kazi ya nukta moja

Ili kuelewa kwa nini bastola hukwama, ni vizuri kwanza kujua inavyofanya kazi. Kichochezi kinapovutwa, pini hugonga kitako cha risasi. Fataki iliyo kitakoni huwasha baruti, na gesi husukuma kichwa cha risasi nje ya mtutu. Nguvu hiyo hiyo husukuma nyuma slaidi, yaani kile chuma kizito cha juu kinachoteleza juu ya kiunzi cha bastola. Slaidi ikirudi nyuma, ndoano ndogo iliyo ubavuni mwake hulivuta ganda tupu kutoka chemba, na ganda hugonga kichuma kinachoitupa nje. Slaidi ikifika mwisho, springi huirudisha mbele. Njiani huchukua risasi mpya kutoka juu ya magazini na kuisukuma ndani ya chemba.

Yote hayo huisha katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hatua moja ikichelewa kidogo tu, mzunguko wote husimama. Ndiyo maana mafundi husema bastola haipimwi peke yake. Hupimwa pamoja na magazini yake, risasi zake na mkono unaoishika, na kimojawapo kikiwa dhaifu vingine vyote huonekana vibovu.

Namna nne za kukwama

Kukwama kwingi huangukia katika mafungu manne.

La kwanza ni risasi kutoingia chemba. Slaidi husimama nusu, ncha ya risasi ikiwa imekita kwenye ukingo wa mtutu. Mara nyingi kosa ni la magazini. Midomo yake ya juu, inayoishika risasi mahali pake, ikipinda kwa kuangushwa sakafuni, risasi hutoka kwa pembe isiyo sahihi. Springi ya magazini ikilegea, risasi huchelewa kupanda na slaidi hupita bila kuichukua.

La pili ni ganda tupu kutotoka vizuri. Hubanwa na slaidi likiwa limesimama wima kama bomba la moshi. Sababu huwa ni risasi zenye baruti dhaifu, uchafu, au mkono legevu. Hilo la mwisho huwashangaza wengi. Slaidi huhitaji kitu kigumu cha kusukumana nacho. Kama mkono wote unarudi nyuma pamoja na bastola, slaidi haipati safari yake kamili na ganda hubanwa njiani. Mtu huirudisha bastola kwa muuzaji akiilalamikia, kumbe kasoro iko kwenye mshiko.

La tatu ndilo baya zaidi, nalo ni ganda au risasi kubaki chemba huku risasi ya pili ikisukumwa kwa nyuma. Mara nyingi ndoano imevunjika, imechakaa au imejaa masizi, hivyo imeshindwa kuvuta. Kukwama huku hakuondoki kwa kuvuta slaidi mara moja. Lazima magazini itolewe kwanza, chemba isafishwe, ndipo bastola ipakiwe upya.

La nne ni kichochezi kuvutwa na kusikika mlio wa chuma tu. Huenda fataki ya risasi imekufa kwa unyevu au mafuta, huenda pini imevunjika, au njia yake imejaa uchafu kiasi kwamba inagonga kwa udhaifu. Kwenye viwanja vya shabaha sheria ni moja: bastola ibaki imeelekezwa sehemu salama kwa angalau sekunde 30 kabla ya kuifungua, kwa sababu zipo risasi zinazochelewa kulipuka.

Liko na jambo la tano ambalo halionekani kama kukwama. Mlio hutoka mdogo kuliko kawaida, kama wa fataki ya watoto, na slaidi huenda isirudi kabisa. Hapo huenda kichwa cha risasi kimenasa ndani ya mtutu. Anayelazimisha kufyatua risasi ya pili huweza kuupasua mtutu usoni pake. Mlio wa namna hiyo ukisikika, kazi imekwisha. Bastola hufunguliwa na mtutu hukaguliwa na mtu anayejua.

Hata majeshi yamekwama

Mfanyabiashara asidhani matatizo haya ni ya bastola za bei ya chini tu. Historia ya silaha hizi imejaa majeshi makubwa yaliyojifunza kwa gharama.

Mwaka 1911 jeshi la Marekani lilizishindanisha bastola mbili, moja ya kampuni ya Savage na nyingine iliyobuniwa na John Moses Browning na kutengenezwa na Colt. Kila moja ilifyatua risasi 6,000. Baada ya kila risasi 100 ilipumzishwa ipoe, na baada ya kila 1,000 ilisafishwa na kupakwa mafuta. Savage ilikwama mara 37. Ya Browning haikukwama hata mara moja, na mwezi Machi mwaka huo ikapitishwa kuwa bastola ya jeshi. Ilidumu katika nafasi hiyo zaidi ya miaka 70. Wanaoisimulia habari hii hupenda kutaja ile sifuri. Wachache hukumbuka kwamba hata bingwa huyo alisafishwa kila baada ya risasi 1,000.

Mwaka 1985 jeshi hilo hilo lilichagua bastola mpya, Beretta ya Italia, ikaitwa M9. Haikuchukua muda, baadhi ya slaidi zikaanza kuvunjika. Katika baadhi ya matukio, kipande cha nyuma kiliruka na kumjeruhi mfyatuaji usoni. Ripoti ya ukaguzi ya Marekani ya mwaka 1988 ilihesabu slaidi 14 zilizovunjika, tatu mikononi mwa askari na zilizobaki katika maabara za majaribio. Suluhisho lilipatikana kwa kuweka pini kubwa zaidi inayoizuia slaidi iliyovunjika isiruke nyuma, na kwa kuweka idadi ya risasi ambazo zikifika slaidi hubadilishwa. Yaani hata chuma kigumu kina umri wake, na umri huo huhesabiwa kwa risasi.

Miaka ya baadaye bastola hiyo hiyo ilipelekwa Iraq, na malalamiko yakaanza upya. Safari hii bastola yenyewe haikuwa na kosa. Kundi la magazini zilizonunuliwa kwa mkataba lilikuwa na rangi ya ndani yenye mikwaruzo, na mchanga laini wa jangwani ukanasa humo. Risasi zikashindwa kupanda. Magazini zenye ngozi laini zilipoletwa, tatizo likapungua. Bastola nzima iliangushwa na kipande cha bati ambacho hakuna aliyekifikiria sana wakati wa kununua.

Mwaka 1982 jeshi la Austria lilichagua bastola ya Gaston Glock, mtu ambaye hakuwahi kutengeneza bastola kabla ya hapo. Kiunzi chake kilikuwa cha plastiki na sehemu zake zilikuwa chache kuliko za washindani. Wengi waliidharau. Leo polisi wa nchi nyingi wanaibeba, sababu kubwa ikiwa urahisi wake: kilicho na vipande vichache kina vichache vya kuharibika. Lakini nayo hukwama kwa magazini mbovu, risasi mbaya na mkono legevu.

Jasho la pwani, vumbi la bara

Afrika Mashariki ina maadui wawili wa chuma. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ni chumvi na unyevu. Bastola inayobebwa kiunoni Mombasa au Tanga hulowa jasho kila siku, na jasho lina chumvi. Kutu huanza chini ya mpini na ndani ya magazini, mahali ambapo jicho halifiki. Bara, katika njia za mifugo za kaskazini mwa Kenya, Karamoja na uwanda wa Dodoma, adui ni vumbi laini linalopenya hata kwenye saa ya mkononi.

Makosa ya wamiliki hufanana pande zote mbili. Wa kwanza hasafishi kabisa, akiamini kwamba bastola isiyofyatuliwa haichafuki. Wa pili huimwagia mafuta kana kwamba ni mnyororo wa pikipiki. Mafuta mengi hunasa vumbi na kugeuka tope, tena yakiingia kwenye fataki huiua risasi. Wa tatu hutumia mafuta ya kula kwa kuwa ndiyo yaliyopo jikoni. Hayo hukauka yakawa gundi, na pini ikaganda. Kinachotakiwa ni mafuta ya silaha, matone machache kwenye sehemu zinazosuguana, kisha kitambaa kikavu.

Mfuko wa ngozi nao una hila. Ni mzuri kwa kubebea lakini mbaya kwa kuhifadhia, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Bastola iliyolazwa ndani yake kwenye sefu kwa miezi sita huweza kutoka na madoa ya kutu.

Risasi pia huzeeka. Zinazokaa ndani ya gari linaloegeshwa juani kila siku huharibika mapema. Risasi ile ile inayotolewa chemba jioni na kurudishwa asubuhi, siku baada ya siku, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ya baruti hupungua, na siku ikifyatuliwa mgandamizo hupanda kupita kiasi. Risasi iliyofupika kuliko wenzake haifai kutumika tena.

Ajali ya wakati wa kusafisha

Wakufunzi wa silaha duniani kote hurudia onyo moja mpaka wanafunzi wachoke: kutoa magazini hakuifanyi bastola kuwa tupu. Risasi moja huweza kuwa imebaki chemba. Mtu huitoa magazini, hujiridhisha, huvuta kichochezi ili aifungue, na risasi hutoka. Hizo ndizo ajali zinazoripotiwa kuwa "alikuwa akisafisha silaha yake".

Mpangilio salama haubadiliki. Mtutu huelekezwa mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu. Kidole hukaa nje ya kichochezi. Magazini hutolewa kwanza, kisha slaidi huvutwa nyuma na kushikiliwa, na chemba hutazamwa kwa macho na kuguswa kwa kidole. Mpangilio ukigeuzwa, slaidi ikavutwa kabla magazini haijatolewa, risasi mpya huingia chemba na mwenye nayo hudhani ameitoa. Bastola iliyokwama huhitaji uangalifu wa ziada, maana karibu kila mara ina risasi ndani.

Ukarabati mkubwa si kazi ya nyumbani, wala ya fundi wa kuchomelea mtaani. Kuchonga ndoano kwa tupa, kukata springi ili kichochezi kiwe chepesi, au kutengeneza pini kutoka msumari kumewafanya watu wabaki na silaha inayofyatuka yenyewe ikianguka. Pia kuna upande wa sheria. Kazi hiyo ni ya mafundi walioidhinishwa, na anayempa silaha mtu asiye na kibali, hata kwa nusu saa, anaihatarisha leseni yake.

Leseni haivuki mpaka

Kwa mfanyabiashara wa Namanga, Busia, Mutukula au Sirari, hatari kubwa huenda isiwe bastola kukwama kabisa. Huenda ikawa bastola kusahaulika chini ya kiti cha gari wakati wa kuvuka.

Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na bidhaa nyingi zinavuka kwa urahisi kuliko zamani. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 hutumia cheti rahisi cha uasilia. Silaha hazimo katika urahisi huo. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaziweka silaha na risasi katika orodha ya bidhaa zenye masharti. Risasi moja iliyosahaulika kwenye mkoba inatosha kuisimamisha safari.

Kila nchi ina sheria yake. Kenya inatumia Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwishoni mwa mwaka 2018 iliwataka raia wote wenye leseni wahakikiwe upya. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Sheria ya Uganda ilianza mwaka 1970. Leseni iliyotolewa Arusha si leseni Nairobi, na ya Kampala si leseni Kisumu. Anayevuka bila kibali cha upande wa pili huhesabiwa sawa na yeyote aliyekamatwa na silaha isiyo halali, hata kama nyumbani kwao makaratasi yake yamekamilika.

Ukali huo una historia. Eneo hili limeumizwa na silaha ndogo zilizovuka kutoka vita hadi vita. Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi, inayozitaka serikali kuweka alama kwenye silaha, kutunza kumbukumbu zake na kuwazuia raia kumiliki bunduki za vita. Kituo cha RECSA, chenye makao yake Nairobi, kinasimamia utekelezaji wake. Afisa wa mpakani anayepekua gari hatafuti kumsumbua mchuuzi. Anatafuta silaha ambayo kesho itamwibia mchuuzi huyo huyo.

Kwa hiyo kabla ya safari mfanyabiashara mwenye leseni huwauliza polisi waliompa leseni hiyo: aiache wapi, kwa karatasi gani, na nani aitunze kihalali. Kumwachia shemeji au mlinzi wa ghala si kuitunza.

Hesabu ya mwisho

Mfanyabiashara huishi kwa hesabu, na bastola nayo ina hesabu yake. Iko bei ya kununua, ada za leseni, sefu, risasi za mazoezi, springi na magazini mpya, na muda wa kwenda kwenye uwanja wa shabaha mara kwa mara. Anayelipa ya kwanza tu na kuacha zilizobaki amenunua chuma cha kumtia moyo. Magazini inayokwama uwanjani hutiwa alama na kuondolewa. Risasi za kubeba hujaribiwa katika bastola ile ile kabla hazijaaminiwa. Springi hubadilishwa kwa idadi ya risasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, bila kungoja ivunjike.

Wengi wakiipiga hesabu hiyo hadi mwisho huona kuna njia nyepesi zaidi. Tangu malipo kwa simu yalipoanza Kenya mwaka 2007 na kusambaa katika eneo lote, sababu za kutembea na bunda la noti zimepungua. Sasa zipo huduma zinazovusha fedha kutoka nchi moja hadi nyingine kwa simu, na benki nazo hulipana kupitia mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki. Ada yake huuma, lakini fedha isiyokuwa mfukoni haiibiwi porini. Kusafiri kwa msafara, kubadilisha saa za kuondoka na kutotangaza malipo sokoni hakuhitaji leseni wala mafuta.

Atakayeamua kubaki na bastola yake ana haki hiyo chini ya sheria ya nchi yake. Anachodaiwa ni kuijua kama dereva mzuri anavyolijua lori lake: sauti yake ikiwa nzima, sauti yake ikiwa na homa, na siku ya kuliacha gereji. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa silaha mara nyingi hakuna nafasi ya tiba.